Somo: Kijana Wako Anakuogopa au Anakuamini?

Hapa Elburgon twajua viazi havipaliliwi kwa hasira. Ukipiga jembe ovyo, unakata viazi vyenyewe. Ukiacha kabisa, magugu yanameza shamba.

Mwaka 1966 mtaalamu wa Marekani, Diana Baumrind, alieleza malezi ya namna tatu:

1. Amri tupu: "Fanya, usiulize!" Kijana hutii, lakini moyoni ana hofu.
2. Kuachilia: hakuna kukatazwa. Kijana hashindi tamaa zake.
3. Upendo pamoja na sheria: mzazi anakataza, anaeleza sababu, anasikiliza. Kijana huyu mara nyingi hujiamini.

Mwaka 1983 wataalamu wengine waliongeza ya nne: mzazi asiyejali. Huyo kijana huumia zaidi.

Mimi nilikuwa wa amri tupu. Kijana wangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akashinda kwa mashine ya mbao wiki mbili. Aliogopa kuniambia. Nilijua kwa jirani. Siku hiyo nilianza kusikiliza.

Mjadiliane:
- Wewe ni mzazi wa namna gani?
- Kijana wako akipata shida leo, atamwambia nani kwanza?

Kazi ya wiki: keti na kijana wako jioni moja. Uliza, halafu nyamaza usikie. Shida ikizidi, pigeni simu 116, ni bure.