Jina Geni kwa Binti Yenu



Mtoto wa kike akizaliwa, majirani huuliza kwanza kama mama yuko salama, halafu huuliza, "Anaitwa nani?" Hapo ndipo nyumba nyingi za Kikristo hukuta mtihani ambao hazikujiandaa kuufanya. Baba ana jina lake moyoni. Mama ana lake, pengine alilichagua tangu alipokuwa msichana wa shule. Nyanya mzaa baba naye ametulia akingoja kusikia jina lake likitajwa. Kisha linatangazwa jina ambalo hakuna mtu kijijini aliyewahi kulisikia.

Sisi tunaofundisha wazazi kabla ya ubatizo tunakutana na majina hayo mara kwa mara. Mojawapo ni Nevaeh. Ukilisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, utapata neno la Kiingereza lenye maana ya mbinguni. Lilianza kuvuma huko Marekani baada ya mwaka 2000, mwanamuziki mmoja alipomtaja binti yake katika televisheni. Sasa limefika kwetu, na kila mmoja analitamka apendavyo.

Wenzi fulani wa ndoa, Wakikuyu, walikuja darasani na jina hilo. Mama ndiye aliyelichagua. Baba alilisikia kwa simu akiwa kazini, karatasi ya hospitali ikiwa imekwisha kujazwa. Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, na kwa wiki kadhaa alimwita mtoto "huyu". Mama yake, ambaye kwa desturi yao msichana wa kwanza huchukua jina lake, alituma ujumbe kwamba hana haraka ya kuja kumwona mtoto. Hivyo nyumba ikawa na watu watatu walioumia, na mtoto mwenyewe hajajua hata kucheka.

Tuondoe kwanza hofu moja. Wengi bado hudhani kwamba Kanisa linadai jina la mtakatifu wa Ulaya, la sivyo padri hatabatiza. Sheria ya zamani ya Kanisa, ile ya mwaka 1917, ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, yeye aliongeza jina la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, inasema katika kanuni ya 855 kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaongeza kwamba jina laweza kuwa la mtakatifu, au la fumbo la imani, au la fadhila ya Kikristo. Kwa hiyo Neema, Imani, Tumaini na Rehema ni majina halali ya ubatizo. Vivyo hivyo Nekesa, binti aliyezaliwa wakati wa mavuno, na Cherop, aliyezaliwa mvua ikinyesha. Yanamshukuru Mungu kwa majira yake.

Tena ugeni wa jina hauchukui muda kuisha. Wamisionari wa Consolata walipofika Kenya mwaka 1902 kutoka Torino, ni nani kijijini aliyejua neno Consolata? Lilikuwa sifa ya Bikira Maria anayefariji, tena kwa lugha ya ng'ambo. Leo ni jina la nyanya zetu, na wajukuu huliona la kizamani! Sista Irene Stefani, aliyefariki Gikondi mwaka 1930, watu walimwita Nyaatha kwa sababu ya huruma yake. Alipotangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, jina hilo la Kikikuyu lilitajwa pamoja na lile la Kiitaliano. Binti akiitwa Nyaatha, ana msimamizi mbinguni.

Naye Mtakatifu Bakhita? Jina hilo alipewa na watu waliomwiba kutoka kwao Sudan, nalo maana yake ni mwenye bahati. Kwa mtoto aliyefungwa minyororo hayo yalikuwa dhihaka. Alipobatizwa Venice mwaka 1890 hawakulitupa. Aliitwa Yosefina Margareta Fortunata, na hilo la mwisho ni Bakhita kwa Kilatini. Kanisa lilichukua jina la utumwa likaliingiza katika maji ya ubatizo.

Basi shida haiko katika ugeni. Shida ni nani ameulizwa.

Fungueni Injili ya Luka, sura ya 1, kuanzia aya ya 57. Siku ya nane jirani na jamaa wanakuja, nao wamekwisha kuamua mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Elizabeti anakataa, anasema ni Yohana. Wanamkumbusha kwamba katika ukoo wao hakuna mwenye jina hilo. Hamjasikia maneno haya katika nyumba zenu? Wanamgeukia baba, naye anaomba kibao na kuandika jina lile lile. Fikirini kidogo. Zakaria alikuwa bubu miezi yote ile, na bado mke na mume walikuwa na jina moja. Sisi tuna ndimi, tuna na simu mfukoni, na baba hulijua jina la mtoto wake kwa kuambiwa na shemeji.

Msianze basi kwa kuulizana, "Tumwite nani?" Mwanzo wake ni, "Kwa nini unalitaka hilo?" Maswali haya mawili hayafanani. Yule baba niliyemtaja aliombwa amwulize mke wake swali hilo, wakiwa wawili tu, na asimkatize. Ndipo akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu waoane. Mimba yao ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi 5. Nyumbani hapakuwa na mtu aliyeitaja tena, kana kwamba haikuwako. Mama alijiahidi kwamba akijaliwa mtoto hai, jina lake litataja mbinguni, aliko yule mwingine. Baba alikuwa akipigana na jina la Marekani, kumbe ndani yake alikuwamo mtoto wake mwenyewe. Naye mama alipouliza kwa zamu yake, alijua kwamba mume hakuchukia jina lenyewe. Aliona aibu mbele ya mama yake, aliyemlea peke yake.

Walikwenda pamoja kwa yule nyanya, wakamweleza yote. Mtoto alibatizwa Nevaeh Wanjiru, kwa kuwa Wanjiru ndilo jina la nyanya. Yeye humwita Wanjiru, hata akimtembeza kwa majirani. Hilo la kwanza bado linampiga chenga ulimini.

Na ulimi ni jambo la kupimwa mapema. Simameni mlangoni mliite jina kwa sauti, kama mnayemwita mtoto kutoka kisimani. Mwombeni nyanya alitamke mara tatu. Fikirini watoto wa shule watalipotosha vipi, maana hawana huruma. Ulizeni maana yake kabla ya kulipenda kwa mlio tu, kwani mengine ni majina ya manukato na ya vinywaji.

Tena msiandike ugomvi wenu katika jina la mtoto. Nabii Hosea alimwita binti yake Lo-ruhama, maana yake asiyehurumiwa. Mungu alikuwa na neno la kuwaambia Israeli, lakini baadaye neno lile lile liligeuzwa kuwa Ruhama, aliyehurumiwa. Sisi tuna akina Shida na Tabu wanaobeba hadi uzeeni taabu ya mwezi mmoja wa wazazi wao.

Mkishapatana, angalieni karatasi. Kuzaliwa kwa mtoto huandikishwa ndani ya miezi 6. Baada ya hapo ni kuchelewa, na safari za ofisini huongezeka. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu. Sheria ya Kenya inaruhusu wazazi kuandikisha jina lililotolewa au kubadilishwa baadaye, mradi miaka 2 haijapita tangu mtoto aandikishwe. Kwa hiyo kama jina lilijazwa haraka kitandani hospitalini, bado mna nafasi ya kuketi na kuzungumza.

Jina geni huharibiwa upesi na kalamu ya mtu mwingine. Wanaosimulia maisha ya Mwenye Heri Anuarite wa Kongo husema kwamba yeye alikuwa Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake, likaandikwa katika kitabu cha shule kwa makosa, na ndilo alilokwenda nalo hadi altareni. Kwa hiyo mkija kumwandikisha mtoto kwa ubatizo, mlete cheti cha kuzaliwa au ile karatasi ya hospitali, msitegemee kutaja kwa mdomo. Katekista ataandika anavyosikia. Simameni karibu naye, someni herufi moja moja, baba na mama pamoja, kabla kitabu hakijafungwa.