Andika Kabla Povu Halijafunika

Povu la kupuliza la kuhami nyumba likishaganda ukutani, limefunika kila kitu. Mbao zilikuwa kavu au mbichi? Siku ya kupuliza kulikuwa na baridi kiasi gani? Mteja akirudi baada ya miaka 2 kulalamika kwamba povu limebanduka, jibu liwe kwenye kumbukumbu zako, maana ukutani halionekani tena.

Kwa ndugu zetu wenye kampuni za kazi hii Marekani na Kanada, anzieni kwenye mapipa. Povu hutokana na kemikali mbili, upande A wenye isosaianeti na upande B wa resini, na kila pipa lina namba ya bechi. Piga picha lebo zote mbili kabla ya kufungua. Bechi ikigundulika ina kasoro, namba hiyo itakuonyesha nyumba zipi za kwenda kukagua.

Kisha pima joto la hewa, joto la ukuta wenyewe na unyevu wa mbao, uandike pamoja na saa. Usingoje jioni, ukiwa umechoka utaandika unachodhani. Ukimaliza kupuliza, choma povu kwa kipimo chembamba cha kina, shikilia rula pembeni, piga picha. Usipime katikati tu, pima na kwenye kona za juu ambako mkono wa fundi huchoka. Ukikuta inchi 3 hapa na 2 kule, andika hivyo hivyo, uongeze povu, upime tena.

Marekani, kanuni ya shirikisho inamtaka mfungaji ampe mteja risiti yenye sahihi na tarehe, ikitaja eneo lililofunikwa, unene na thamani ya R, yaani uwezo wa povu kuzuia joto kupita. Kanada, kiwango cha S705.2 kinadai kumbukumbu ya kila siku ya kazi, pamoja na vipimo vya msongamano wa povu na jinsi lilivyoshika.

Linalonigusa zaidi ni afya ya mafundi. Isosaianeti huweza kumletea mtu pumu. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inataka kumbukumbu za kemikali zilizomfikia mfanyakazi zihifadhiwe miaka 30, naye ana haki ya kuziomba. Kwa hiyo andika nani alishika bunduki ya kupulizia, nani alimsaidia, na kila mmoja alivaa barakoa ya aina gani. Akija kuumwa siku moja, daktari wake atahitaji karatasi hiyo.