Seva mbili zinatosha?

SWALI: Ofisi yetu hutumia PostgreSQL kwenye seva mbili. Tunataka moja ikizimika, nyingine ishike kazi yenyewe. Zinatosha?

JIBU: Kwa kunakili data, ndiyo. Kwa kupokezana uongozi bila mkono wa mtu, hapana. Mawasiliano kati ya seva hizo yakikatika huku zote ziko hai, kila moja itadhani nyingine imekufa. Zote zitapokea miamala, na mtabaki na kumbukumbu mbili zinazopingana. Kuzipatanisha ni kazi ngumu mno.

Ongezeni mashine ya tatu, hata ndogo, ya kupiga kura tu. Wekeni etcd, programu ya kupiga kura, kwenye zote tatu, na Patroni, inayosimamia uongozi wa PostgreSQL, kwenye zile mbili za data. Kiongozi huhitaji kura 2 kati ya 3. Seva iliyotengwa hujivua uongozi. Ya nne haisaidii, maana wingi wa 4 ni 3: bado mnaweza kupoteza moja tu. Mashine hizo zisitegemee umeme mmoja wala swichi moja, tafadhali.

Unakili usiosubiri seva ya pili ithibitishe ni wa haraka, lakini miamala ya mwisho yaweza kupotea. Kwa mfano, Oktoba 2018 mtandao wa GitHub (tovuti ya kutunza msimbo wa programu) nchini Marekani ulikatika kwa sekunde 43. Uongozi wa MySQL, hifadhidata yao, ukahamia kituo kingine kabla maandishi yote hayajanakiliwa, na huduma ikayumba zaidi ya saa 24. Kama mnatunza fedha za watu, chagueni unakili unaosubiri.

Na msiache kuweka nakala za akiba mahali pengine: amri ya kufuta iliyokosewa hufika kwenye seva zote.