Baka la kuzaliwa na mimba

SWALI: Nina mimba ya miezi 6. Baka jeusi nililozaliwa nalo tumboni limepanuka. Mama mkwe anasema ni mimba tu. Je, laweza kuwa saratani? – Msomaji, Pangani

JIBU: Dada, mama mkwe ana hoja. Ngozi ya tumbo ikivutika, baka huvutika nayo, na hakuna ushahidi thabiti kwamba mimba yenyewe hugeuza baka kuwa melanoma, yaani saratani ya ngozi. Baka dogo la kuzaliwa ni nadra kuharibika. Hatari huongezeka kwa yale makubwa mno, yenye upana wa sentimita 20 na zaidi. Lakini kupanuka sawasawa ni jambo moja; kubadilika rangi upande mmoja, kingo kuchongoka, kutoa kinundu, kuwasha mfululizo au kuvuja damu ni jambo jingine, na kwa hayo mimba isisingiziwe.

Wengine watasema weusi hatupati ugonjwa huu. Ni kweli kwetu ni adimu, ila haba si hakuna, na mara nyingi huota pasipopigwa jua: nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ulimwanzia kwenye kidole cha mguu. Sisi huumia zaidi kwa sababu hugunduliwa tumechelewa. Na ikibidi baka lipimwe, hofu kwamba kipimo kitamdhuru mtoto haina msingi: kinyama hukatwa kwa ganzi ya mahali hapo tu, nayo ni salama kwa mjamzito. Kliniki ijayo mwonyeshe mkunga. Ukiona dalili nilizotaja, usisubiri kujifungua, nenda Hospitali ya Bombo, Tanga.