Mungu Mmoja, Nafsi Tatu: Mifano ya Kibinadamu na Mipaka Yake

Wapendwa wasomaji, na hasa ninyi waalimu mnaofundisha wanafunzi wa ubatizo, salamu katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Jina hili twalitaja tuanzapo ibada, na kwa jina hili sote tulibatizwa. Walakini mtu akituuliza maana yake, wengi wetu twatafuta mfano upesi, tukashika wo wote ulio karibu. Sisi nasi tulifanya hivyo. Siku moja darasani tuliwaambia wanafunzi: "Mtazameni mtu mmoja. Kwa watoto wake ni baba, kwa mkewe ni mume, na kazini ni fundi. Majina matatu, mtu mmoja. Ndivyo alivyo Mungu." Wanafunzi wakaitikia, nasi tukafurahi kwamba neno gumu limekuwa jepesi. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa akijifunza pamoja na vijana wa umri wa wajukuu zake, akasimama akasema, "Mchungaji, kama ndivyo, usiku ule wa Gethsemane Bwana Yesu alikuwa akimwomba nani? Je, fundi humwomba baba, hali yeye mwenyewe ndiye baba?"

Hatukuwa na jibu. Tulifunga darasa kwa sala, tukaenda nyumbani tukiwa na haya.

Swali la mzee yule si dogo. Kama Baba na Mwana ni majina mawili tu ya mmoja, basi sala ya Gethsemane haikuwa na msikiaji, na Baba hakumtoa Mwana kwa ajili yetu, maana hapakuwa na Mwana wa kutolewa. Hapo wokovu wetu wote umeguswa. Tulipofungua vitabu tukaona kwamba kosa letu ni la zamani sana. Katika karne ya tatu Sabellius alifundisha katika mji wa Rumi kwamba Baba, Mwana na Roho ni namna tu za Mungu yule yule kujionyesha kwetu. Kanisa lilikataa mafundisho hayo.

Basi na tuitazame mifano mingine ya kibinadamu.

Wako wasemao, "Mungu ni kama watu watatu wa ukoo mmoja." Mfano huu ulimshughulisha Gregori, askofu wa Nyssa, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, naye aliishi katika karne ya nne. Aliulizwa hivi: Petro, Yakobo na Yohana wana ubinadamu mmoja, nasi twawahesabu kuwa watu watatu, mbona basi hatusemi kuna Miungu watatu? Alijibu kwamba kazi ya Mungu haigawanyiki: kila atendalo latoka kwa Baba, lapita kwa Mwana, nalo latimizwa katika Roho Mtakatifu. Kwa wanadamu sivyo. Wakulima watatu wana mashamba matatu. Mmoja akilima, mwingine aweza kuwa amelala, na mmoja akifa wengine wangali hai. Kwa hiyo jirani zetu Waislamu wakituuliza kama twaabudu miungu watatu, na tuwajibu bila kusitasita: La, Mungu ni mmoja, kama isemavyo Kumbukumbu la Torati 6:4.

Wengine hushika neno "Baba" na neno "Mwana" kama lilivyo kwetu. Kwa wanadamu baba hutangulia kuwako, na mwana huja nyuma. Ario, kasisi wa Iskanderia katika nchi ya Misri, alifikiri hivyo, akafundisha kwamba Mwana ana mwanzo, naye ni kiumbe, ajapokuwa mkuu kuliko viumbe vyote. Mwaka 325 maaskofu walikusanyika Nikea, wakaungama kwamba Mwana ana asili moja na Baba. Maana kiumbe hawezi kumkomboa kiumbe mwenziwe, wala hatuna ruhusa ya kukisujudia.

Je, tuache mifano yote? Agostino hakuacha. Yeye alikuwa Mwafrika kama sisi, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, akawa askofu wa Hippo hata kufa kwake mwaka 430. Aliandika vitabu kumi na vitano juu ya Utatu, kwa muda wa miaka mingi. Aliwaza hivi: Mwanzo 1:27 yasema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, basi na tutafute alama ya Utatu ndani ya roho ya mtu. Akaona mambo matatu: kumbukumbu, ufahamu na mapenzi.

Tufikiri kwa njia hii. Mtu ameketi jioni akimwaza mama yake aliyefariki. Kumbukumbu imemhifadhi mama yule miaka yote. Ufahamu wamtambua, wasema, "Ndiye." Mapenzi yamwelekea na kumshika, hata machozi yatoke. Kumbukumbu si ufahamu, wala ufahamu si mapenzi. Lakini hatuwezi kuyatenga na kusema hili liko hapa, na lile liko kule. Roho ni moja, nayo yakumbuka yote, yafahamu yote, yapenda yote. Vile vile Agostino alitazama upendo: yuko apendaye, yuko apendwaye, na uko upendo wenyewe.

Mfano huu ni bora kuliko ule wetu wa fundi, kwa kuwa yale matatu yako pamoja wakati mmoja, wala hayapokezani. Hata hivyo Agostino mwenyewe, katika kitabu chake cha mwisho, alikiri kwamba mfano huu u mbali sana na Mungu mwenyewe. Kumbukumbu yangu haizungumzi na mapenzi yangu. Bali Mwana husema na Baba. Mimi ninayo hayo matatu. Mungu hana Utatu kama mtu aliye na mali, yeye mwenyewe ndiye Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Basi, waalimu wapendwa, mfano ni kama daraja la miti: lakuvusha mto, lakini hujengi nyumba juu yake. Tuanze na Maandiko. Pale Yordani, Mathayo 3:16-17, Mwana apanda kutoka majini, Roho ashuka, Baba anena. Wote watatu wapo pamoja. Katika Mathayo 28:19 wametajwa watatu, lakini jina ni moja. Kisha tutumie mfano, na papo hapo tuonyeshe unapokoma.

Juma lililofuata tulirudi darasani, tukakiri mbele ya wanafunzi wote kwamba tulikosa. Tukamwambia mzee, "Bwana Yesu alimwomba Baba yake kweli kweli, na Baba alimsikia. Na Warumi 8:26 yasema kwamba Roho atusaidia sisi nasi tusipojua kuomba." Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nisalipo, sisali peke yangu." Tukaona kwamba ameelewa kuliko sisi tuliomfundisha.

Maswali ya kufikiri:
1. Mfano wa mtu mmoja mwenye majina matatu wakosea wapi?
2. Kwa nini hatusemi kuna Miungu watatu?
3. Soma Yohana 17:24. Kabla ya ulimwengu kuwako, Baba alimpenda nani? Jibu lako lakufundisha nini juu ya Mungu?

Neema ya Bwana Yesu, na pendo la Mungu, na ushirika wa Roho Mtakatifu vikae nanyi nyote.