Saa ya Plastiki Mkononi: Inavyochakaa na Unavyoweza Kuitunza

Saa nyingi za plastiki hutupwa zikiwa bado nzima. Namba zinasomeka, majira hayajakosewa, ila mkanda umekatika, na mwenye saa anaona heri anunue nyingine. Fedha hiyo ingeweza kubaki mfukoni.

Chukua Casio F-91W, ile nyembamba nyeusi iliyotoka mwaka 1989 na ambayo ingali inauzwa. Ndani yake kipande cha kwatzi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Hakuna magurudumu ya meno wala springi ya kulegea, kwa hiyo mashine haina cha kulika. Saa hiyo hutangulia au huchelewa kwa sekunde 30 hivi kwa mwezi, na betri yake hukaa takriban miaka 7. Plastiki inayoizunguka haina uvumilivu huo.

Mkanda hutangulia

Vua saa, kaa penye mwanga, kisha ukunje mkanda taratibu pale unapoungana na kasha. Ukiona nyufa nyembamba zikianzia kwenye tundu la pini, mkanda umebakiza muda mfupi. Kagua pia tundu unalofungia kila siku: likiwa limevutika na kuwa na umbo la yai, bizimu imekuwa ikilivuta upande mmoja. Saa nyingi hupotea barabarani au majini kwa sababu ya nyufa hizi ambazo hakuna aliyezitazama.

Mikanda mingi ni ya poliurethani. Unyevu hupenya ndani ya plastiki hii na kukata minyororo ya molekuli zake. Mkanda huanza kunata, halafu hukatika vipande. Jasho na joto huharakisha kazi hiyo. Kuiweka saa kabatini hakuizuii, hasa kwenye miji ya pwani kama Mombasa na Tanga, ambako hewa yenyewe ina unyevu. Saa ya akiba iliyofichwa miaka mingi inaweza kukatika mkanda siku ya kwanza kuvaliwa. Mikanda ya PVC huharibika kwa njia nyingine: viambato vilivyoilainisha hutoka polepole, nayo hukakamaa na kupasuka.

Adui mwingine ni dawa ya kufukuza mbu yenye DEET. Dawa hii huyeyusha baadhi ya plastiki na huweza kukitia kioo ukungu usiofutika. Jipake, iache ikauke, nawa viganja, ndipo uvae saa. Kuisafisha, maji safi, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha. Usitumie petroli wala tina. Mikwaruzo midogo kwenye kioo cha akriliki hupungua ukiisugua kwa dawa ya meno.

Muulize muuzaji kama mkanda wa akiba unapatikana kabla hujalipa. Saa isiyo na mkanda wa kubadilisha ni ghali, hata kama bei yake ni ndogo.

Maji na namba zinazokatika

Maandishi ya WATER RESIST bila namba yanamaanisha saa inastahimili mvua na kunawa mikono. 30M si ruhusa ya kuzama mita 30. Hicho ni kipimo cha shinikizo kilichofanywa saa ikiwa mpya. Kinachozuia maji ni raba nyembamba chini ya mfuniko wa nyuma, nayo hukauka na kubonyea. Kila fundi anapofungua saa kubadilisha betri, mwombe aikague raba hiyo. Ikirudishwa imejikunja, maji yatapita. Usibonyeze vitufe saa ikiwa majini.

Namba zote zikififia, kwa kawaida betri imechoka. Lakini 8 ikionekana kama 6, kijistari kimoja hakipati umeme: mara nyingi kiunganishi cha raba kati ya saketi na kioo kimechafuka au kimesogea, na fundi anaweza kukisafisha. Saa iliyoachwa kwenye dashibodi juani inaweza kuwa nyeusi kioo kizima. Ikipoa namba hurudi, ila joto la mara kwa mara huharibu utando wa kioo moja kwa moja.

Betri iliyokwisha

Betri iliyokufa isiachwe ndani ya saa. Huweza kuvuja na kula saketi, na hapo mashine iliyokuwa nzima inakufa kweli.

Hatari kubwa zaidi ni kwa watoto. Betri ya CR2016 ina kipenyo cha milimita 20, na mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama za ndani vibaya katika muda wa saa 2. Hata betri inayoonekana imekwisha bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Usimtapishe mtoto na usingoje dalili. Mpeleke hospitali mara moja, ukichukua saa au pakiti ya betri ili daktari ajue aina yake. Betri kuukuu ifunge pande zote mbili kwa selotepu, iweke mahali pa juu, kisha ipeleke kwa fundi au kituo kinachopokea taka za kielektroniki.