Somo la Mwezi: Watoto Wetu na Sheria za Mtandao



Mwezi uliopita, katika kikao cha wazazi baada ya ibada, mzee mmoja mvuvi alisimama akasema, "Serikali izime mitandao yote. Watoto wetu wanaharibika." Watu wakapiga makofi. Sisi tulinyamaza, nasi tumejuta kunyamaza kule. Ndiyo maana tumeomba nafasi hii tulieleze jambo lenyewe polepole, kama tulivyozoea darasani.

Kwanza yatupasa kukubali kwamba mzee yule haogopi kivuli. Utafiti wa UNICEF, Interpol na ECPAT uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania, katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walikuwa wametendewa unyanyasaji wa kingono kwa njia hiyo ndani ya mwaka mmoja. Kwa nchi nzima hao walikadiriwa kufika 200,000. Tena watendaji wengi si wageni wa mbali, bali ni watu ambao mtoto anawajua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa picha za ngono za watoto kwa faini kubwa na kifungo. Hatujamsikia mzazi, Mkristo au Mwislamu, anayelalamikia kifungu hicho.

Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 16, yamwadhibu pia atoaye habari za uongo mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Je, ni nani atakayepima uongo huo? Mara nyingi ni yule yule aliyesemwa.

Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Aliyetaka kuandika habari zake katika mtandao alitakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 kwa maombi na leseni. Mwalimu wa Mbinga angezipata wapi? Watetezi wa haki na waandishi wa habari walifungua shauri katika Mahakama Kuu, si Dar es Salaam, bali kwa jirani zetu wa Mtwara. Mapema Mei kanuni zikasimamishwa kwa muda, na kabla ya mwezi kwisha shauri likatupwa. Kanuni mpya zilitungwa mwaka 2020, nazo zaweka ngono, ulinzi wa watoto na maneno yanayodhaniwa kuichafua nchi katika orodha moja ya mambo yaliyokatazwa.

Tazameni matunda ya kuchanganya hivyo. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, muda mfupi baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kuingiliwa na wadukuzi. Waziri alieleza kwamba mtandao huo unaruhusu picha za ngono. Septemba leseni ya JamiiForums ilisimamishwa siku 90, na hapo watoto hawakutajwa. Hoja ilikuwa heshima ya Serikali na ya Rais. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wavuvi wa Liuli na Mbamba Bay wanajua kwa nini kokoro limepigwa marufuku: huzoa samaki na vifaranga pamoja.

Sasa tuseme la kwetu. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa darasa la Kipaimara alitujia na simu ya mama yake. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akaanza kueleza kwamba kuna mtu anamtumia picha chafu, naye anamtaka apige zake. Tukamkatiza. Tulimwambia hayo si maneno ya mtoto, tukamshauri mama yake amnyang'anye simu. Tulirudi nyumbani tukidhani tumemlinda. Kumbe mtu yule alikuwa jirani yao, naye aliendelea kumvizia njia ya kwenda kisimani, ambako hakuhitaji simu. Haya tuliyasikia kwa mama yake baada ya miezi mingi. Binti mwenyewe hakutuambia neno tena.

Tulikuwa tumefanya katika kibaraza chetu yale tunayoyalaumu kwa wakubwa. Tulifunga kinywa cha aliyeumizwa, aliyemuumiza akabaki huru.

Kwa hiyo mtoto akija na habari kama hizo, mwacheni aseme mpaka mwisho, wala msimkaripie. Msifute ujumbe, maana ndio ushahidi. Msiwatumie wengine picha hiyo hata kwa nia ya kuilaani, maana kusambaza ndilo kosa lenyewe. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Kwa mazungumzo ya vikundi, someni kwanza Mathayo 18:1–14. Kisha mjiulize: katika mtaa wetu, mtoto aliyeudhiwa na mtu mzima mwenye heshima humwambia nani? Na mzazi anayetaka kumtaja mtu huyo hadharani, ni nani anayemzuia?